Gregor Mendel: Mwalimu wa njegere aliyefumbua fumbo la selimundu

Wazazi wenye mtoto mgonjwa wa selimundu huuliza: mbona sisi wenyewe hatuumwi? Mizizi ya jibu iko kwenye bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima. Fedha za shule zilipokwisha, dada yake mdogo Theresia alimpa sehemu ya fungu alilotengewa kwa ajili ya kuolewa. Mwaka 1843 aliingia utawa. Alipopangiwa kuhudumia wagonjwa, mateso yao yalimwelemea hadi naye akaugua, hivyo akahamishiwa ualimu. Alijaribu mtihani wa cheti cha ualimu mwaka 1850 na 1856 bila kufaulu, lakini aliendelea kufundisha.

Kuanzia mwaka 1856 alichanganya mbegu za njegere. Za mviringo na za mikunjo zilizaa za mviringo tupu. Kizazi kilichofuata kilitoa 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo, yaani karibu moja kwa kila nne. Mikunjo haikuwa imepotea, ilikuwa imejificha.

Alichapisha matokeo mwaka 1866, wachache wakajali. Alifariki mwaka 1884 kwa ugonjwa wa figo. Wanasayansi walizinduka mwaka 1900, na mwaka 1949 James Neel wa Marekani alionyesha kuwa selimundu hurithiwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Mwaka 1969 Chuo cha Sarah Lawrence, Marekani, kilianzisha mafunzo ya kwanza ya shahada kwa washauri nasaha wa magonjwa ya kurithi. Leo wanafunzi wa fani hiyo husoma vinasaba kwa mashine za kisasa, lakini bado huanza na Mendel, kisha hujifunza kumweleza mzazi bila kumtisha wala kumlaumu.

Maelezo yenyewe ni haya. Baba na mama wote wakibeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Mtoto wa kwanza akiugua, haina maana watatu wanaofuata wamesalimika; kila mimba huanza hesabu upya. Wala si kosa la mama peke yake, kwani mtoto huyo amerithi kwa wote wawili.

Kama mnapanga kuzaa, nendeni mkapime damu pamoja.