Ahmad ibn Majid

Ahmad ibn Majid (alizaliwa Julfar mnamo 1432) alikuwa baharia, mwandishi na mshairi Mwarabu wa karne ya 15. Anajulikana kwa maandiko yake kuhusu njia za Bahari Hindi, zikiwemo zile za pwani ya Waswahili hadi Sofala katika Msumbiji ya leo.

Maisha

Julfar ilikuwa bandari ya Ghuba, mahali pa Ras al-Khaimah ya leo katika Falme za Kiarabu. Babu na baba yake walikuwa waongozaji wa vyombo, na baba alitunga shairi refu la kufundishia njia za Bahari ya Shamu. Ahmad alirithi kazi pamoja na maandishi, lakini aliyasahihisha kwa yale aliyoyaona mwenyewe safarini.

Mwongozaji aliitwa kwa Kiarabu muallim, na ndilo asili ya neno mwalimu. Hata pwani yetu zamani palikuwa na mwalimu wa chombo. Nahodha alisimamia chombo, watu na mali. Mwalimu alijua nyota, pepo, vina na miamba. Miji kama Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, isingeweza kuishi bila watu hao. Aliyechelewa kuondoka na kaskazi au kusi alikwama bandarini kwa miezi, pengine pamoja na mali ya watu wengi.

Usiku mwalimu alitumia kamali, yaani kibao chenye uzi wa mafundo. Aliuma uzi kwa meno, akakiweka kibao mbele ya jicho, akapima nyota ya kaskazini iko vidole vingapi juu ya upeo wa macho. Kusini kwa ikweta nyota hiyo haionekani, hivyo safari ya Sofala ilidai ujuzi wa nyota nyingine.

Maandiko

Sehemu kubwa ya kazi zake ni mashairi, kwa kuwa baharia hukariri beti kwa urahisi kuliko maelezo marefu. Hawiya ni ya 1462. Kitabu chake kikuu cha nathari, Kitab al-Fawaid, kilikamilika mnamo 1490. Kinaeleza dira, nyota, misimu ya pepo na visiwa vikubwa. Njia za Afrika Mashariki zimo hasa katika shairi la Sufaliya.

Suala la Vasco da Gama

Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama mwongozaji, na Wareno wakafika Calicut mwezi Mei. Miaka 7 baadaye waliiteka Kilwa na Mombasa, kwa hiyo kumtaja mwongozaji huyo ni kumtwisha lawama nzito. Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, alidai ni Ibn Majid, tena akiwa amelewa. Madai hayo yalirudiwa katika vitabu vingi, hata vya shule. Hata hivyo Wareno wenyewe waliandika kwamba alikuwa mtu wa Gujarat, na wataalamu wengi wa leo wanakubali kwamba hakuwa Ibn Majid, ambaye wakati huo alikuwa mzee.

Habari zake zinakoma mnamo 1500. Miswada yake ilihifadhiwa Paris na Leningrad. Ule wenye Sufaliya ulichapishwa na Mrusi Shumovsky mwaka 1957.