Jina Lililomfikia Kaburini

Ndugu zangu, sisi tunaosoma hadithi tumezoea isnadi: kila habari na mpokezi wake. Lise Meitner, mzaliwa wa Vienna mwaka 1878, hakutendewa hivyo. Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi Berlin kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akiwa Sweden, yeye na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, walieleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1944 akapewa mwenzake wa maabara, Otto Hahn, peke yake. Lise alifariki mwaka 1968. Elementi ya 109, iliyoundwa maabara kule Darmstadt mwaka 1982, ilithibitishwa mwaka 1997 kuitwa meitneri kwa heshima yake. Muhula uliopita nilitumia kazi ya mwenzangu bila kumtaja. Nimekwenda kumwomba radhi angali hai.