Mtakatifu Augustino: Kuamini si Kudanganyika

Tunapomtaja Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa, wengi wetu tunakumbuka machozi ya mama yake, Mtakatifu Monika, na ujana uliopotoka. Lakini kuna upande wa maisha yake usiozungumzwa sana. Augustino alihangaika miaka mingi kujua amwamini nani, na kwa sababu gani. Sisi tunaopokea habari usiku na mchana, za kweli na za uzushi, tuna la kujifunza kwake.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Tagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras, nchini Algeria. Ni Mwafrika mwenzetu. Akiwa na miaka 19, akisoma Karthago, alikutana na kitabu cha Cicero kilichomwashia hamu ya hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, lakini lugha yake ilionekana duni machoni pake, akayaweka kando.

Ndipo aliponaswa na Wamani, wafuasi wa Mani. Hao walijigamba kwamba hawamdai mtu imani, bali humwelekeza kwa akili peke yake. Kijana mwenye majivuno ya elimu angekataaje? Alikaa nao miaka tisa hivi. Tukitazama vizuri, hakuvutwa na ushahidi. Alivutwa na ahadi iliyompendeza.

Mashaka yalianza aliposoma vitabu vya wataalamu wa nyota. Hao walikokotoa mapema siku ya kupatwa kwa jua au mwezi, na ikawa kama walivyosema. Mani naye alikuwa ameandika mengi juu ya mbingu, lakini hayakulingana na hesabu hizo. Augustino alipouliza, wenzake walimwambia amsubiri Fausto, askofu wao. Fausto alifika Karthago mwaka 383. Alikuwa na ulimi mtamu, lakini alipoulizwa alikiri kwamba mambo hayo hayajui. Augustino alimheshimu kwa unyofu huo, ila alitambua kwamba neno haliwi kweli kwa kuwa limesemwa vizuri, wala haliwi uongo kwa kuwa limesemwa ovyo.

Kosa la pili lilichelewa kumtoka: aliamini utabiri wa nyota. Mganga mzee aliyeheshimika, Vindiciano, alimshauri aachane na vitabu hivyo; rafiki yake Nebridio alivicheka. Hakusikia. Ilibidi rafiki mwingine, Firmino, amsimulie kuhusu kuzaliwa kwake mwenyewe. Saa ileile aliyozaliwa yeye katika nyumba ya kitajiri, mjakazi wa nyumba nyingine alijifungua mtoto. Nyota zilikuwa zilezile, lakini Firmino alikulia katika heshima, na yule mwingine akabaki mtumwa. Augustino akawakumbuka pia Esau na Yakobo, mapacha wa hatima tofauti. Hapo akaachana na utabiri. Shauri la wenye busara halikutosha. Tukio moja lililo wazi ndilo lililomgeuza.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya kudanganyika, Augustino aliogopa kuamini lolote. Akawaelekea wanafalsafa waliofundisha kwamba hakuna jambo linaloweza kujulikana kwa hakika. Alitaka mambo yasiyoonekana yawe dhahiri kwake kama saba na tatu kuwa kumi.

Mwaka 384 alikwenda Milano kufundisha ufasaha wa kusema. Huko alimsikiliza Askofu Ambrosi, mwanzoni kwa ajili ya ufasaha tu, lakini pamoja na maneno, maana nayo ikaingia. Akaanza kuhesabu mambo mangapi anayakubali bila kuyaona: miji asiyofika, matukio ya kale, maneno ya marafiki na ya waganga. Hata wazazi wake ni akina nani, alijua kwa kuambiwa. Asiyeamini lolote hawezi kuishi na watu.

Mwaka 386 aliongoka, na usiku wa Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akambatiza. Alipopewa upadre mwaka 391 huko Hippo, alimwandikia rafiki yake Honorato, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemvuta kwa Wamani, kitabu juu ya manufaa ya kuamini. Alitofautisha mambo matatu: kufahamu, ambako hutokana na akili, kuamini, ambako hutegemea mwenye mamlaka ya kuaminika, na kudhani, yaani kujiona unajua usilolijua. Hilo la tatu ndilo ugonjwa.

Ndugu wasomaji, ugonjwa huo haujaisha. Ujumbe ukitufikia kwenye simu ukisema tulichokuwa tunatamani kusikia, tunausambaza kabla ya kuuliza nani kausema na amejuaje. Wengine, wakishadanganywa mara moja, hukataa hata neno la mzazi au la Kanisa. Augustino alipita kote kuwili. Sisi waseminari, tutakaosimama mimbarini kesho, tuogope zaidi, maana ulimi mtamu kama wa Fausto tunaweza kuupata bila ukweli.

Katika uzee wake Augustino alivipitia upya vitabu vyake na kusahihisha palipostahili. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Hippo ikiwa imezingirwa na Wavandali.

Mtakatifu Augustino, utuombee.