Sayyid Jamaluddin al-Afghani: Mwanachuoni Aliyeingia Frimasoni



Tulipokuwa katika ziara ya darsa mkoani Kagera, baina ya Bukoba na Muleba, tuliulizwa masuali ya twahara, mirathi na talaka kama ilivyo kawaida. Lakini suali lililorudi kila msikiti tuliofika lilikuwa moja: je, inajuzu Muislamu kujiunga na Frimasoni? Wauliza hawakuwa na mzaha. Njia nzima ya kutoka Bukoba kupitia Kemondo mpaka Muleba tuliyaona matangazo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, yanaahidi utajiri kwa atakayepiga namba iliyoandikwa chini.

Usiku mmoja, baada ya swala ya Ishaa huko Muleba, mzee mmoja alitusogelea akiwa amemshika mkono mwanawe. Kijana alikuwa amepewa fedha za kahawa ya msimu azipeleke nyumbani, naye akazituma zote kwa simu ili apate fomu ya kujiunga. Alipokwishatuma, akaambiwa atume tena. Mzee hakulalamikia sana fedha. Kilichomuumiza ni kwamba mwanawe alikula naye sahani moja kwa miezi miwili bila ya kumwambia neno, kwa kuwa aliapishwa kwa simu kwamba akisema atakufa.

Kijana naye alikuwa na hoja. Alisema amesoma kwamba hata wanachuoni wakubwa wa Kiislamu waliingia humo, akamtaja Jamaluddin al-Afghani. Waliokuwepo walitazamia kwamba tutakanusha. Hatukukanusha, kwani jambo hilo lina ushahidi. Tulimwambia akae, tukamsimulia maisha ya mtu huyo tangu mwanzo hadi mwisho. Tumeona tuyaandike hapa ili wengine nao wafaidike.

Kuzaliwa na masomo

Sayyid Jamaluddin alizaliwa mwaka 1254 Hijria, sawa na 1838 au 1839, mahali panapoitwa Asadabad. Hapa ndipo siri ya kwanza ya maisha yake inapoanzia, kwa sababu Asadabad ziko mbili: moja Iran karibu na Hamadan, na nyengine Afghanistan. Mwenyewe alijinasibisha na Afghanistan, na kwa jina hilo ndiyo anajulikana. Wengi katika watafiti wa zama zetu wameona kuwa alizaliwa Iran katika jamii ya Kishia, na akasoma Qazvin, Tehran na kisha Najaf. Sababu wanayoitoa ni kwamba alitaka kusikilizwa na Waislamu wa Kisunni, akaona asili yake itawafungia masikio.

Alipokuwa kijana alikwenda India, akaona jinsi Waingereza walivyoitawala. Aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni mpaka kufa kwake. Baadaye alifika Afghanistan, akawa mshauri wa Amir Muhammad A'zam Khan, na Amir huyo alipong'olewa na nduguye Sher Ali, Sayyid akatakiwa aondoke nchini mwaka 1868. Kutoka hapo alikwenda Istanbul. Mwishoni mwa mwaka 1870 alitoa mhadhara uliowakasirisha wanachuoni wa dola, na mwaka uliofuata akatakiwa aondoke huko pia.

Cairo na mlango wa Frimasoni

Alifika Cairo mwaka 1871 na kukaa miaka minane. Hii ndiyo miaka yenye matunda mengi zaidi katika umri wake. Serikali ilimpa posho, naye akasomesha nyumbani kwake: mantiki, falsafa, tawhiyd na usulul-fiqh. Jioni alikuwa akikaa kwenye mkahawa, anakunywa chai na kuvuta tumbaku, na vijana wamemzunguka wakisikiliza. Miongoni mwao alikuwemo Muhammad Abduh, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri, na Saad Zaghlul, aliyekuja kuongoza harakati za uhuru wa nchi hiyo. Aliwahimiza waandike magazeti, na kweli wakaandika.

Ndani ya miaka hiyo ndipo alipojiunga na Frimasoni. Barua ya maombi yake, aliyoiandika mwaka 1875, ilikutwa katika makaratasi aliyoyaacha Tehran, na makaratasi hayo yakachapishwa mwaka 1963. Mwaka 1878 alichaguliwa kuwa mkuu wa tawi moja, ambalo wenyewe huliita loji, lenye jina la Kawkab al-Sharq, yaani Nyota ya Mashariki. Abduh alikuwemo pia.

Ndugu Muislamu, usidhani kwamba alitafuta utajiri. Sayyid aliishi bila ya mke wala nyumba ya kwake. Alichokitafuta ni mahali pa kusema. Misri wakati huo ilikuwa imezama katika madeni ya Khedive Ismail, Waingereza na Wafaransa wanaishika hazina, na kuna wapelelezi mitaani. Loji zilikuwa chini ya kivuli cha mataifa ya Ulaya, hivyo serikali haikuziingilia kwa urahisi. Ndani yake wakikutana Waislamu, Wakristo na Mayahudi, wakubwa wa dola na waandishi wa magazeti. Wenye loji walizungumzia uhuru, usawa na udugu. Akaona hapo patamfaa.

Wanafunzi wake wamesimulia kwamba matumaini hayo hayakudumu. Alipotaka kikao kijadili dhulma ya watawala na uingiliaji wa wageni, aliambiwa kuwa siasa hairuhusiwi humo. Alistaajabu. Watu wamekula viapo vizito, wamefunga milango, kisha jambo linalowaumiza watu mitaani haliruhusiwi kutajwa! Kwa masimulizi hayo, alijitoa pamoja na wafuasi wake, wakaanzisha tawi jengine lililofungamana na Wafaransa, na ndani yake wakajadili mambo ya nchi.

Siri ilivyomgeukia

Mwezi wa Juni 1879 Khedive Ismail aliondolewa, akatawazwa mwanawe Tawfiq. Huyu Tawfiq alikuwa akihesabiwa katika marafiki wa kundi la Sayyid, na wao walitaraji kwamba akipata ufalme atatimiza waliyoafikiana. Haukupita muda, mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Sayyid alikamatwa usiku, akapelekwa Suez na kupakiwa merikebu ya kwenda India. Tangazo la serikali likamtuhumu kwamba anaongoza jumuiya ya siri ya vijana yenye lengo la kuharibu dini na dunia. Abduh naye akaamrishwa akae kijijini kwao.

Hebu tulizingatie hilo. Kwa miaka minane alisomesha vijana waziwazi, na kila aliyetaka kuingia darsani kwake aliingia. Lakini serikali ilipotaka kumtoa, haikuhitaji kuyajibu mafundisho yake. Ilitosha kulitaja lile jambo ambalo watu hawakulijua. Raia wa kawaida wa Cairo angemtetea vipi, na yeye hakujua ndani ya vyumba vile kulikuwa kunafanywa nini? Wema wa mtu ukifichwa pamoja na viapo, siku ya kutuhumiwa hana shahidi.

Baada ya Misri

Alikaa Hyderabad, akaandika kwa Kiajemi kitabu cha kuwarudi wanaokanusha kuwepo kwa Mola. Mwaka 1883 alifika Paris, na mwaka 1884 yeye na Abduh wakatoa jarida la al-Urwa al-Wuthqa. Nyuma ya jarida hilo kulikuwa na jumuiya ya jina hilo hilo, nayo ilikuwa na siri na kiapo chake. Lilitoka matoleo 18 tu, kuanzia Machi hadi Oktoba, na Waingereza walilizuia lisiingie Misri wala India. Juu ya hivyo, yale matoleo 18 yalinakiliwa na kusomwa upya kwa miaka mingi. Rashid Rida aliyasoma akiwa kijana huko Sham, yakambadilisha maisha. Akahamia Cairo kwa Abduh, na mwaka 1898 akaanzisha jarida la al-Manar. Hilo al-Manar lilifika mpaka pwani yetu, likasomwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti lake la al-Islah. Jumuiya ya siri ilikufa, bali karatasi zilizouzwa hadharani zimefika hadi kwetu.

Kutoka Ulaya alikwenda Iran, kisha Urusi, kisha Iran tena. Huko alimlaumu Shah Naser al-Din kwa kuwapa wageni mali ya nchi, na mwanzoni mwa mwaka 1891, katikati ya baridi kali, askari walimtoa kwa nguvu kwenye kaburi takatifu alikokuwa amekimbilia karibu na Tehran, wakamfukuza hali ni mgonjwa. Akaandika barua kwa mwanachuoni mkubwa wa Kishia aliyekuwepo Samarra, Mirza Hasan Shirazi, akilalamikia ruhusa ya tumbaku ya nchi nzima aliyopewa Mwingereza mmoja. Watu wakaacha kuvuta tumbaku kwa fatwa iliyotolewa kwa jina la mwanachuoni huyo, na mwaka 1892 Shah akalazimika kuifuta ruhusa. Jambo lililosemwa mbele ya umma mzima lilifanya yale ambayo vikao vya siri havikuweza.

Miaka yake ya mwisho aliishi Istanbul, mgeni wa Sultan Abdulhamid, akipewa nyumba na posho lakini akichungwa asitoke. Mwaka 1896 mfuasi wake mmoja alimuua Shah wa Iran, na khofu juu yake ikazidi. Alifariki tarehe 9 Machi 1897 kwa saratani ya taya, ugonjwa uliompata mtu ambaye silaha yake ilikuwa ulimi. Mwaka 1944 mabaki yake yalihamishiwa Kabul. Mpaka leo nchi mbili zinamgombania, na watu wanabishana juu ya madhehebu yake na nia yake, kwa sababu ya mambo aliyoyaficha mwenyewe. Tunamuombea rehema kwa mema yake, na mengine tunamwachia Mola wake.

Tunachokichukua

Uislamu haukukataza kila siri. Da'wah ilianza kwa siri katika nyumba ya al-Arqam, sadaka ya siri ina fadhila kubwa, na siri ya mke na mume ni amana. Wala haukukataza watu kufungamana kwa kheri. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kabla ya kupewa utume alihudhuria Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, mapatano ya kumtetea aliyedhulumiwa, na baada ya utume aliendelea kuyasifu. Alipofika Madina aliwaunga udugu Muhajirina na Answari, na kila mtu alijua nani ni ndugu wa nani.

Hata Wahaya zamani walikuwa na omukago, undugu wa kuchanjiana, ambapo marafiki wawili walipakana damu kwenye buni mbili zilizotoka katika tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kunywa damu ni haramu, na hilo hatulihalalishi. Lakini wazee walitukumbusha jambo la maana: undugu ule ulijulikana na jamaa za pande zote mbili, na haki zake zilidaiwa hadharani.

Kinachokatazwa ni kuapa kabla ya kujua unaapia nini, na kumpa utiifu wako mtu ambaye hakuruhusu uulize. Ama Frimasoni yenyewe, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilitoa uamuzi mwaka 1398 Hijria (1978) wa kuharamisha kujiunga nayo, na huo ndio tunaoufuata. Kuingia kwa Sayyid si dalili ya kuhalalisha, kwani kitendo cha mwanachuoni si hoja katika sharia, sikwambii kitendo ambacho mwenyewe kilimvunja moyo.

Na wale wa kwenye nguzo za umeme hata Frimasoni si wao. Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017 na aliyekuwa kiongozi wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alijitangaza kwa jina lake magazetini na kitabuni. Anayejificha nyuma ya namba ya simu na kuomba fedha za fomu ni mwizi tu.

Kijana alituuliza jambo moja la mwisho: kile kiapo alichokula, je, kinamfunga? Tulimjibu kwamba kiapo cha kuficha madhara hakitekelezwi. Atakayeapa kisha akaona jambo jengine ni bora, afanye lililo bora na atoe kafara: alishe masikini kumi au awavishe, na asipoweza afunge siku tatu. Alisema hana kitu, atafunga. Mzee akasema naye atafunga pamoja naye, ili mwanawe asile daku peke yake.

Na Allaah Anajua zaidi.