Nyerere aliacha chaki kwa ajili ya chama, walimu wakasubiri chao miaka 29

Kila mtu anamwita Mwalimu. Ila ukiuliza aliachaje kufundisha, na walimu wenzake walipata nini kwake baada ya kushika nchi, wengi hukwama.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922. Alisoma Mwisenge pale Musoma, akaenda Tabora, kisha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu. Mwaka 1946 akaanza kufundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi na shahada yake 1952.

Kazi aliyopata ilikuwa St. Francis, Pugu, shule ya wamisionari wa Kikatoliki. Leo Pugu unapanda daladala na kushuka. Enzi zile ilikuwa nje kabisa ya mji, kilomita 20 na ushee kutoka Kariakoo. Akitoka darasani, huyo Kariakoo kwa akina Abdulwahid Sykes kuzungumza siasa. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa chama cha TAA, na Julai 7, 1954 chama hicho kikageuka TANU.

Machi 1955 akasafiri hadi New York kuisemea Tanganyika Umoja wa Mataifa. Aliporudi, mambo mawili hayakuenda tena pamoja: ama afundishe, ama aongoze chama. Akaacha kazi. Ana mke, ana watoto wadogo, na mshahara ndiyo basi. Akarudi Butiama kwa muda, kisha Dar es Salaam, na baadaye akaishi Magomeni, Kinondoni, kwenye nyumba ambayo siku hizi ni makumbusho.

Kwa hiyo huyu ni mtu aliyejua vizuri maana ya mwalimu kuwa na chama. Ndiyo maana ya mwaka 1964 yanashangaza.

Januari 20 mwaka huo, wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Nyerere akafichwa ng'ambo ya Kigamboni. Maasi yalizimwa na askari wa Uingereza, jambo lililomuaibisha sana. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, na shirikisho lao la TFL likavunjwa. Badala yake ikaundwa NUTA kwa sheria, chama kimoja cha wafanyakazi wote wa nchi, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Yaani na yeye mwenyewe. Walimu wakawa idara tu ndani ya chama hicho.

Halafu likaja jambo kubwa la elimu. Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alikataa shule inayomwandaa mtoto kwa mtihani tu, mtoto anayefaulu akaishia kuwadharau wazazi wake wakulima. Shule zikaanzisha mashamba. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977, na mtihani wa mwisho usiwe tena kipimo pekee. Kazi za darasani, kazi za mikono na tabia ya mwanafunzi vikaanza kuhesabiwa, na maendeleo ya mwaka mzima yakachukua nusu ya alama.

Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo sijaona hoja ya maana ya kulipinga. Shida ilikuwa mezani kwa mwalimu. Ndiye aliyetakiwa kumpa mtoto alama za tabia, kusimamia shamba, kujaza fomu, na kufundisha darasa lililofurika. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha, na mtaani wakabandikwa jina la Ualimu Pasipo Elimu. Dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Wao ndio waliobeba mpango ambao wenye shahada wasingetosha kuubeba. Lakini chama chao wenyewe cha kwenda kusema darasa limezidi, au kipimo hiki hakipimiki, hawakuwa nacho. NUTA ilikuwa chini ya TANU, na baada ya 1977 ikazaliwa JUWATA chini ya CCM.

Nyerere aliachia urais 1985 na uenyekiti wa CCM 1990. Yeye ndiye aliyewasukuma wenzake wakubali vyama vingi, na mlango huo ulipofunguka wafanyakazi nao wakapita. Novemba 1, 1993 Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kikasajiliwa, chama cha walimu peke yao. Mzee alikuwa hai bado, akiishi kati ya Butiama na Msasani.

Alifariki London Oktoba 14, 1999. CWT ilikuja kujenga ghorofa lake Ilala. Wakaliita Mwalimu House.