Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mbashiri Aliyekabidhiwa Sheria

Ndugu msomaji, ukiingia katika mahakama ya mwanzo huko Handeni au Korogwe, utamwona Mzigua au Msambaa akidai haki yake kwa Kiswahili mbele ya hakimu. Yafaa umjue aliyeshika Wizara ya Sheria mahakama hizo zilipotungiwa sheria.

Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Hakuwa wakili. Alikuwa mbashiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akasaidia kazi ya tafsiri ya Kiswahili ya Kurani Tukufu iliyotoka mwaka 1953, kisha akaenda Rabwah, Pakistani, kuongeza elimu ya dini. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliwafundisha washairi kanuni za utungaji; naam, hata katika ushairi alikuwa mtu wa sheria!

Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Waziri wa Sheria. Wakati wa ukoloni, mtawala wa wilaya aliyesimamia kodi ndiye pia aliyesikiliza rufaa kutoka mahakama za wenyeji. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilikata fungamano hilo, ikaweka mahakama za mwanzo ndani ya mfumo mmoja wa nchi nzima.

Wapo wasemao kwamba mtu wa dini hawezi kuaminiwa kwa haki za wasio wa dini yake. Wewe utafutaye ukweli, pima neno hilo kwa kazi ya Sheikh huyu. Wizara yake iliwahudumia Waislamu, Wakristo na wenye mila za jadi sawasawa.

Alifariki Ujerumani mwezi Oktoba 1964.