Walter Rothschild: Tajiri aliyefunga punda milia kwenye gari

Mwishoni mwa karne ya 19, wakazi wa London walikuwa wamezoea kuona magari ya farasi ya kila namna. Hata hivyo walishangaa siku ambayo gari lililokokotwa na punda milia lilipita katika barabara ya Piccadilly na kuingia katika Kasri la Buckingham.

Aliyeshika hatamu alikuwa Walter Rothschild, kijana mwenye mwili mkubwa na haya nyingi, mrithi wa mojawapo ya familia tajiri zaidi barani Ulaya.

Mtoto wa benki

Lionel Walter Rothschild alizaliwa London tarehe 8 Februari mwaka 1868. Baba yake, Nathan, aliongoza benki ya familia, na kwa desturi ya ukoo huo ilitarajiwa kwamba mwana wa kwanza angefuata nyayo zake.

Lakini mtoto huyo, aliyekuwa na afya dhaifu na shida ya kuzungumza, alivutiwa zaidi na vipepeo na ndege. Alipokuwa na umri wa miaka saba aliwatangazia wazazi wake kwamba angeanzisha jumba la makumbusho ya wanyama. Alipotimiza miaka 21 baba yake alimjengea jumba hilo katika mji mdogo wa Tring, kaskazini magharibi mwa London, na mwaka 1892 milango yake ikafunguliwa kwa umma.

Hata hivyo hakuachiwa afanye apendavyo. Tangu mwaka 1889 hadi 1908 alikwenda kufanya kazi ya benki ambayo hakuipenda wala kuimudu, kwa sababu ya kumtii baba yake. Furaha yake ilikuwa Tring, ambako bustani za familia zilijaa kangaruu, kobe wakubwa wa visiwani na punda milia.

Kuwafunza kwenda pamoja

Watu wengi wa zama hizo waliamini kwamba punda milia hafugiki wala hafundishiki. Rothschild alitaka kuonyesha kinyume chake, na akaagiza wanyama wake wafunzwe kukokota gari.

Kazi hiyo ni ngumu hata kwa farasi. Mkufunzi huanza na mnyama mmoja, akimtembeza kwa hatamu ndefu huku yeye akifuata nyuma, mpaka azoee sauti na mguso wa lijamu. Kisha humpa mzigo mwepesi, na baadaye humfunga ubavuni mwa mwenzake mzoefu. Hapo ndipo hujifunza kwenda kwa mwendo mmoja. Anayetangulia hujikuta anavuta mzigo wote na kuchoka mapema. Anayechelewa huiacha mikanda yake ilegee, na gari huenda mshazari.

Wanyama wakiwa wanne, ugumu huongezeka. Wale wawili wa nyuma hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia na kuligeuza gari, na wale wa mbele hawana budi kutii amri inayowafikia kutoka mbali. Kwa desturi ya Waingereza, mwendeshaji hushika hatamu zote nne kwa mkono wa kushoto, na wa kulia hubaki na mjeledi.

Punda milia huja na matatizo yake mwenyewe. Farasi amefugwa kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo binadamu amechagua kuzalisha wale watulivu. Punda milia ameishi miongoni mwa simba na fisi. Anaposhtuka hupiga mateke, na anapouma haachii upesi. Inasimuliwa kwamba Rothschild mwenyewe aliingiwa na hofu pale kasri, wakati Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha enzi, alipotaka kumpapasa mmoja wa punda milia hao.

Matumaini barani Afrika

Kwa watu wa London hayo yalikuwa maonyesho tu, lakini kwa wakoloni waliokuwa Afrika swali hilo lilikuwa zito. Farasi na ng'ombe wao walikufa kwa maradhi ya nagana yanayoenezwa na mbung'o, na farasi walikufa pia kwa tauni ya farasi. Punda milia aliishi katika nyika hizo hizo bila kudhurika sana.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani yalifanyika majaribio ya kumfuga ili afanye kazi za farasi. Mjini Nairobi, daktari Mgoa Rosendo Ribeiro alijulikana kwa kumpanda punda milia alipokwenda kuwatazama wagonjwa wake. Hata hivyo mnyama mmoja aliyefunzwa kwa subira hakutosha kuleta kizazi kizima cha wanyama wa kazi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na baadaye magari ya injini yalipoenea, matumaini hayo yalififia.

Jina lililobaki

Jina la Rothschild lilibaki Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mwaka 1903 mtaalamu Richard Lydekker alimpa jina lake twiga wa uwanda wa Uasin Gishu, nchini Kenya, ambaye hupatikana pia Uganda. Siku hizi watafiti wengi humhesabu pamoja na twiga wa Nubia, lakini wenyeji na watalii bado humwita twiga wa Rothschild.

Mwenyewe alikuwa mbunge kuanzia mwaka 1899 hadi 1910, na mwaka 1917 ndiye aliyeandikiwa barua ya serikali ya Uingereza kuhusu Palestina, inayojulikana kama Azimio la Balfour. Lakini madeni yake yalikuwa yamemchosha baba yake, na uongozi wa benki ulipita mikononi mwa wengine.

Mapema katika miaka ya 1930 alilazimika kuuza sehemu kubwa ya ndege wake, takriban 280,000, kwa jumba la makumbusho la New York. Sababu ilikuja kujulikana mwaka 1983, pale binti wa ndugu yake, Miriam Rothschild, alipoeleza katika kitabu kwamba kwa miaka mingi mwanamke mmoja alikuwa akimtoza fedha kwa vitisho vya kufichua siri.

Walter Rothschild alifariki dunia tarehe 27 Agosti mwaka 1937, akiwa hajaoa. Jumba lake la Tring aliliachia taifa, na hadi leo watoto wa shule huenda huko kuwatazama wanyama aliowakusanya maisha yake yote. Benki aliyotakiwa kuirithi iliendelea bila yeye.